Fidia ya Ajali Inapochelewa na Kupingwa: Mambo Ambayo Mkazi Anafaa Kujua

Barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa huingia Kaunti ya Taita Taveta kutoka upande wa Mtito Andei, ikapita Voi na Maungu na kuendelea kuelekea Mackinnon Road. Barabara ya Voi, Mwatate na Taveta nayo hubeba malori yanayoelekea mpaka wa Tanzania. Malori, mabasi, matatu, bodaboda na wanaokwenda kwa miguu hutumia barabara hizo pamoja. Ajali inapotokea, wakazi wengi hujua kwamba aliyeumia anaweza kudai fidia. Wasilolijua wengi ni kwa nini dai hilo huchukua muda mrefu, na kwa nini dai la haki linaweza kupotea kabisa.

Serikali ya kaunti haiamui madai haya. Hiyo ni kazi ya kampuni za bima na mahakama. Hata hivyo, mkazi anayeelewa hatua zake mapema hulinda haki yake, kwa sababu dai la majeraha husimama juu ya nguzo mbili: ushahidi ulioandikwa na tarehe.

Siku za kwanza

Matibabu huja kabla ya kila kitu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwathiriwa anafaa kufika hospitalini siku ile ile, hata kama anaona ameumia kidogo. Mbali na afya yake, kuna sababu nyingine. Kampuni za bima hukutana na madai ya uongo ya watu ambao hawakuwa hata ndani ya gari. Kwa hiyo jambo la kwanza zinalochunguza ni kama jina la mdai limo katika rekodi za hospitali za siku ya ajali. Aliyekwenda nyumbani na kutafuta daktari baada ya wiki 3 huwa amewapa sababu ya kumtilia shaka.

Pili, ajali iripotiwe kwa polisi. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame na kutoa jina na anwani yake, na kama hakufanya hivyo, aripoti katika kituo cha polisi ndani ya saa 24. Mwathiriwa, au jamaa yake akiwa amelazwa, ahakikishe kwamba jina lake limeandikwa kama mmoja wa waliojeruhiwa, kisha achukue nambari ya OB. Baadaye ataomba abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ripoti ya ajali unaoonyesha magari yaliyohusika, madereva, kampuni ya bima na nambari ya bima. Ataomba pia fomu ya P3, ambayo hujazwa na daktari kueleza majeraha.

Kosa dogo katika abstrakti linaweza kuchelewesha dai kwa miezi. Jina lililoandikwa tofauti na la kitambulisho, herufi moja ya nambari ya gari iliyokosewa, au abiria kuandikwa kama mpita njia, yote haya hutumiwa baadaye kupinga dai. Ni vyema kusoma karatasi hiyo hapo hapo kituoni na kuomba irekebishwe.

Tatu, kila risiti iwekwe: ya dawa, ya picha ya eksirei, ya magongo na ya nauli ya kwenda kliniki. Risiti za karatasi nyembamba hufifia, kwa hiyo zipigwe picha au zitolewe nakala mapema.

Nani anayedaiwa

Anayeshtakiwa kwa kawaida ni dereva pamoja na mwenye gari. Jina la mwenye gari hupatikana kwa kuomba rekodi ya umiliki kutoka NTSA kupitia eCitizen. Kwa mujibu wa Sheria ya Trafiki, aliyesajiliwa ndiye huhesabiwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Hili ni muhimu kwa sababu wapo wanaojitetea kwamba waliuza gari kitambo.

Kampuni ya bima huingia kupitia Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inayomlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine. Bima hiyo ya lazima hugharamia hadi shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikitoa zaidi ya hapo, kiasi kinachozidi hudaiwa mwenye gari mwenyewe.

Dereva au utingo aliyeumia akiwa kazini ana njia nyingine pia, chini ya Sheria ya Manufaa ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Anafaa kumjulisha mwajiri mara moja.

Mambo matatu yanayobishaniwa

Barua ya kampuni ya bima inaposema dai linapingwa, mwathiriwa asikate tamaa. Aulize ni nini hasa kinachopingwa, kwani kila ubishi una jibu lake.

Ubishi wa kwanza ni nani aliyekosea. Chukulia mfano wa abiria wa bodaboda aliyegongwa na lori karibu na Maungu. Mwenye lori atasema bodaboda iliingia barabarani ghafla, au abiria hakuvaa helmeti. Sheria ya Kenya inaruhusu lawama kugawanywa. Mahakama inaweza kusema lori lina lawama ya asilimia 80 na mdai asilimia 20, na fidia ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Dawa ya ubishi huu ni mashahidi, picha za eneo la ajali, na matokeo ya kesi ya trafiki kama dereva alishtakiwa. Namba ya simu ya mtu mmoja aliyeona ajali inaweza kuokoa dai zima.

Ubishi wa pili ni ukubwa wa majeraha. Daktari wa mdai anaweza kuandika kwamba mguu uliovunjika umeacha ulemavu wa kudumu wa asilimia 20. Kampuni ya bima humtuma mdai kwa daktari wake, naye akaandika asilimia 5. Hili ni jambo la kawaida, na mdai anafaa kwenda kwenye uchunguzi huo wa pili, kwa kuwa kukataa huchelewesha kesi. Mahakama hulinganisha ripoti zote mbili na rekodi za hospitali alikotibiwa tangu mwanzo. Aliyeacha kliniki katikati kwa sababu ya nauli huonekana kana kwamba alipona. Ikiwa ameshindwa kurudi, ni bora amweleze daktari sababu ili iandikwe kwenye faili.

Ubishi wa tatu ni kama kampuni ya bima inawajibika. Inaweza kudai kwamba bima ilikuwa imeisha, au gari la kibinafsi lilikuwa likibeba abiria wa kulipa. Hapa abstrakti na nambari ya bima huwa na uzito. Pia kampuni ya bima ni lazima ipewe notisi ya kesi kwa wakati uliowekwa na Sura ya 405. Notisi isipotolewa, kampuni inaweza kukwepa kulipa hata baada ya mdai kushinda. Mwathiriwa amuulize wakili wake kama notisi imetumwa, na aombe nakala.

Saa ya sheria haisimami

Hili ndilo jambo linalowagharimu watu zaidi. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Kesi, Sura ya 22, kesi ya majeraha yaliyotokana na uzembe ni lazima iwasilishwe mahakamani ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Ikiwa gari lilikuwa la Serikali, muda huo ni mwaka 1 pekee. Familia iliyompoteza mpendwa ina miaka 3 tangu siku ya kifo kudai chini ya Sheria ya Ajali za Vifo.

Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi muda huo. Kampuni inaweza kuandika barua za heshima, kuomba ripoti nyingine, kuahidi kupitia faili, na miaka 3 ikapita. Ajali iliyotokea mwezi Machi 2024 inamaanisha kesi iwe imesajiliwa kabla ya tarehe kama hiyo Machi 2027, hata kama mazungumzo yanaendelea vizuri. Kesi ikishasajiliwa, pande zote bado zinaweza kupatana.

Mahakama ina uwezo wa kuongeza muda, lakini kwa sababu chache, kama vile mdai kutojua mambo muhimu kuhusu dai lake. Kusubiri jibu la bima si mojawapo.

Kabla ya kutia sahihi

Ahadi ya pesa za haraka huja wakati familia imelemewa na gharama. Kabla ya kulipa, kampuni ya bima humtaka mdai atie sahihi hati ya kukubali malipo na kufunga dai. Akishatia sahihi, kwa kawaida hawezi kurudi kudai zaidi, hata kama atahitaji upasuaji mwingine. Kwa hiyo ni busara kusubiri daktari aseme kama majeraha yametulia au bado, na kumwonyesha wakili hati hiyo.

Ni vyema pia kuelewa fidia inavyohesabiwa. Kuna fidia ya jumla, ya maumivu na mateso, ambayo mahakama hukadiria kwa kutazama kesi za awali zenye majeraha yanayofanana. Kuna fidia maalum, ya gharama zilizotumika, ambayo ni lazima itajwe katika hati ya madai na ithibitishwe kwa risiti.

Kwa mfano tu, tuseme fidia ya jumla ni shilingi 600,000, na gharama zilikuwa shilingi 85,000 lakini risiti zilizopo ni za shilingi 52,000. Jumla inayokubalika ni shilingi 652,000. Ikiwa mdai ana lawama ya asilimia 20, zinaondolewa shilingi 130,400 na anabaki na shilingi 521,600. Risiti zote zingekuwapo, angepata shilingi 548,000. Karatasi zilizopotea zimemgharimu shilingi 26,400.

Mahakamani na baada ya hukumu

Madai mengi ya aina hii husikizwa katika mahakama za mahakimu, na katika kaunti hii kuna mahakama Voi, Wundanyi na Taveta. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 huweka kikomo cha shilingi milioni 1 na kutaka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Anayefikiria njia hiyo aulize kwanza kwenye masjala kama dai lake la ajali litapokelewa.

Abiria wengi wakiumia katika ajali moja, mahakama inaweza kutumia kesi moja kuamua nani mwenye lawama, na nyingine zikasubiri. Mdai anayeona kesi yake imesimama aulize kama hiyo ndiyo sababu. Pande zote zinaweza pia kuelekezwa kwenye usuluhishi wa mahakama.

Hukumu yenyewe si mwisho. Aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu, na anaweza kuomba malipo yasimamishwe kwa muda. Kama hakuna rufaa na kampuni ya bima bado hailipi, Sura ya 405 inamruhusu mdai kuishtaki kampuni yenyewe ili ilipe hukumu hiyo. Malalamiko kuhusu kampuni inayochelewesha bila sababu hupelekwa kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Yapelekwe kwa maandishi, yakiwa na nakala za barua zote.

Wakili na madalali

Wakazi wajihadhari na watu wanaozunguka wodi za hospitali na vituo vya polisi wakitafuta majeruhi na kuwatilisha sahihi karatasi. Mwathiriwa ana haki ya kujichagulia wakili. Anaweza kuthibitisha kupitia Chama cha Mawakili, LSK, kwamba wakili huyo ana leseni ya mwaka huo. Sheria ya Mawakili haitambui mapatano ya wakili kulipwa tu iwapo kesi itashinda, kwa hiyo mazungumzo kuhusu ada yafanyike mwanzoni na yaandikwe.

Fidia ikilipwa kupitia wakili, mteja ana haki ya kupewa hesabu kamili: kiasi kilichopokelewa, kilichokatwa na sababu. Anayenyimwa hesabu hiyo anaweza kwenda kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Asiye na uwezo wa kulipa anaweza kuuliza kuhusu msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Faili moja nyumbani

Kila familia yenye dai iwe na faili yake, tofauti na ya wakili. Faili hiyo iwe na nakala ya abstrakti, fomu ya P3, kadi na ripoti za hospitali, risiti, rekodi ya umiliki wa gari, majina na simu za mashahidi, barua zote za bima, na nambari ya kesi. Juu ya jalada iandikwe kwa kalamu nzito tarehe ya ajali na tarehe ambayo miaka 3, au mwaka 1 kwa gari la Serikali, itatimia. Ikibaki miezi 6 kabla ya tarehe hiyo na kesi haijasajiliwa, mwathiriwa amwone wakili wiki hiyo hiyo.