Jumatatu: Neno Alilokosea Eli

Soma 1 Samweli 1:9–18. Eli aliona nini hasa, naye akakiita nini?

Kuhani alikuwa ameketi mlangoni huko Shilo. Aliona midomo ya mwanamke ikichezacheza bila sauti. Hayo ndiyo aliyoyaona. Ulevi aliuongeza mwenyewe.

Angalia jibu la Hana. Alilikataa neno lile kwa heshima, kisha akampa Eli lililo sahihi: alikuwa na uchungu rohoni, naye alikuwa akiumimina mbele za Bwana. Eli hakung'ang'ania kauli yake. Akambariki. (Wangapi kati yetu wazee wa kanisa tungeibadili kauli mbele ya mshiriki?)

Sisi nasi tuna maneno yetu ya haraka: “anaringa,” “amepoa,” “mkorofi.” Niliwahi kumwita ndugu mmoja mwenye kiburi kwa kuwa hakuitikia salamu zangu Sabato tatu mfululizo. Kumbe alikuwa hasikii kwa sikio la kushoto, upande ule niliozoea kuketi. Nilipokwenda kumwomba radhi, neno langu lilikuwa limekwisha kufika kwenye baraza la kanisa, na jina lake lilikuwa limeondolewa kati ya waliopendekezwa kuwa mashemasi.

Linganisha na Matendo 2:13–15. Petro alilisahihishaje neno la wenye dhihaka?

Je, yuko mshiriki ambaye darasa lenu limekwisha kumpa jina? Mliyoyaona kwa macho ni yapi, na mliyoyaongeza ni yapi? Ni nani kati yenu atakayekwenda kumwuliza mwenyewe wiki hii?