Nyama ya Porini na Nyama ya Zizini

Watu wengi husadiki ya kwamba nyama ya porini humtia mtu nguvu kuliko nyama ya mifugo, kwa kuwa mnyama wa mwitu ni mkali na mwepesi. Lakini nyama ikipimwa haionyeshi hivyo. Ndani ya nyama mna kitu kiitwacho protini, nacho ndicho kiujengacho mwili wa mtoto na kuutengeneza penye jeraha. Katika gramu 100 za nyama mbichi ya swala mna gramu 22 hivi za protini. Na katika mnofu wa ng'ombe usio na mafuta mna gramu 21 au 22. Sehemu kubwa iliyobaki ni maji tu.

Basi, tofauti iko wapi? Iko katika mafuta. Swala hushinda akitembea na kukimbia, hana nafasi ya kunenepa, na mafuta yake mara nyingi hayapiti gramu 3 katika 100. Ng'ombe afungwaye zizini na kulishwa pumba huweka mafuta hata ndani ya mnofu, na penye mafuta mengi protini hupungua. (Ng'ombe wa nundu achungwaye mbali hufanana na swala kuliko na ndugu yake wa zizini.)

Wala mtu asidhani kwamba mafuta ni adui. Huko Kanada ya kaskazini, wawindaji waliokula sungura peke yake mwishoni mwa majira ya baridi waliugua: walijaza matumbo, na njaa isiwatoke, wakahara, wakadhoofika. Maana ini la mtu lina kipimo chake, haliwezi kugeuza protini nyingi mno kuwa nguvu. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, wakiisha kuua mnyama, huvunja na mifupa ili wapate uboho wenye mafuta.

Lakini mnyama wa porini hakamwi. Mwindaji hupata leo, akakosa siku nne. Ng'ombe hukamwa kila siku asichinjwe. Mtoto wa miaka 5 ahitaji gramu 20 hivi za protini kwa siku, na nusu lita ya maziwa humpa 16. Mtoto aliyeachishwa ziwa, akalishwa uji mtupu wa muhogo, huweza kuvimba miguu na uso, nywele zake zikageuka rangi. Ugonjwa huo ni kwashakoo. Hupelekwa hospitali upesi, na chakula cha kwanza apewacho huko ni maziwa yaliyotiwa sukari na mafuta, kidogo kidogo, usiku na mchana.