Mtoto wa Newala Anaweza Kuwa Mkemia wa Nyuklia?

Mkemia wa nyuklia na mazingira hufanya kazi gani?

Hupima yasiyoonekana kwa macho: mionzi kwenye chakula, sumu kwenye maji, asidi kwenye udongo. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), yenye maabara Njiro, Arusha, hupima mionzi katika vyakula. Sampuli husagwa, hujazwa chomboni, kisha huwekwa kwenye kigunduzi kilichozungushiwa ukuta mzito wa madini ya risasi, ili mionzi ya kawaida ya mazingira isivuruge hesabu. Miongoni mwa vinavyotafutwa ni sesiamu-137.

Huku kwetu Newala kuna nini cha kutafiti?

Kuna salfa. Kila msimu wa ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, wakulima hubeba mashine mgongoni alfajiri, majani yakiwa na umande, wakapulizia mikorosho unga wa njano wa salfa. Sehemu ya unga huo huanguka chini. Bakteria wa udongoni huugeuza kuwa asidi ya salfa, nayo huondoa kalsiamu na magnesi ambazo mmea unazihitaji. Udongo wa kichanga, ulio mwingi kwenye uwanda wa juu wa Makonde, hauna nguvu ya kuihimili asidi hiyo. Mwaka 1997 Amos Majule na wenzake walichapisha utafiti kuhusu athari za salfa kwa mazingira ya kusini mwa Tanzania. Mwaka 2001 Ngatunga na wenzake wakachapisha mwingine, kuhusu uwezo wa udongo wa mikorosho kuhimili asidi. Salfa bado inapulizwa, na kwa maoni yangu mashamba haya yanastahili kupimwa upya na vijana waliokulia humo.

Nisome nini?

Kidato cha tano chagua PCM, PCB au CBG, na Kemia usiiachie njiani. Kisha shahada ya kemia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mfano.

Na ada?

Samia Scholarship hufadhili waliofaulu vizuri zaidi sayansi kidato cha sita. Wasichana wanaoendelea na uzamili wa sayansi ya nyuklia wana ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie, ulioanzishwa mwaka 2020 na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.

Mionzi haitanidhuru?

Wanaofanya kazi na mionzi huvaa kipimo kifuani, nacho husomwa mara kwa mara. Kikomo cha kimataifa cha mionzi kwa wafanyakazi hao ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka.

Na ushauri wa mwisho: ukiwa chuoni, omba mapema mafunzo kwa vitendo TAEC au kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara.