Mtambo Mzito Barabarani: Maswali Yanayoulizwa Kuhusu Kufunga Mzigo kwenye Lobedi

Barabara ya Uyole hadi Kasumulu, mkoani Mbeya, hupita Kiwira, ikaingia Tukuyu mjini, kisha ikateremka kuelekea Kyela. Kati ya Tukuyu na Kyela nchi inashuka takriban mita 1,000, na mvua ya Tukuyu huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Eksikaveta, buldoza na greda zinazobebwa kwa lobedi, yaani tela lenye sakafu ya chini, kwenda kwenye miradi hupita hapo hapo wanapopita wanafunzi, bodaboda na akina mama wenye mikungu ya ndizi. Maelezo haya ni kwa dereva, utingo, opereta na mwenye mtambo, na pia kwa wewe unayepishana nao.

Mtambo una tani 20. Si uzito wake unatosha kuushikilia?

Hapana. Uzito huo ndio unaousukuma. Gari likifunga breki, tela linapunguza mwendo lakini mtambo bado unataka kwenda mbele. Kanuni za Ulaya za kufunga mizigo huchukulia kwamba breki ya ghafla inaweza kuusukuma mzigo mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kona kuusukuma pembeni kwa asilimia 50. Kwa eksikaveta ya tani 20, hiyo ni nguvu ya tani 16 inayoelekea mgongoni kwa dereva.

Chuma juu ya chuma huteleza. Kukiwa na tope na maji katikati, ni kama umepaka sabuni. Kwa hiyo, kabla ya kupandisha mtambo, kwangua kwa koleo tope lililoganda kwenye mikanda yake ya chuma, fagia sakafu ya tela, na tandika mbao ngumu au mpira mzito ili mtambo upate pa kung'ata.

Nitumie minyororo mingapi?

Isipungue minne, mmoja kila kona. Sheria ya Marekani, ambayo ni kipimo kizuri cha kujifunzia, inataka hivyo kwa mtambo wowote unaofikia kilo 4,536. Inataka pia jumla ya uwezo wa vifungio ifikie angalau nusu ya uzito wa mzigo. Mnyororo unaotoka kwenye tela na kuishia kwenye mtambo huhesabiwa kwa nusu tu ya uwezo wake.

Tufanye hesabu. Eksikaveta ya tani 20 inahitaji jumla ya tani 10. Mnyororo wa daraja la 70 wenye unene wa nusu inchi una uwezo salama wa takriban tani 5.1. Nusu yake ni tani 2.55, na mara nne ni tani 10.2. Hapo umevuka, lakini kwa nafasi ndogo. Ukitumia wa inchi tatu kwa nane, wenye uwezo wa takriban tani 3, minne inakupa tani 6 tu. Ongeza idadi au tumia minene zaidi.

Kumbuka pia kwamba mnyororo ni imara kadiri ya pingili yake dhaifu kuliko zote. Ndoano iliyopanuka, kikazio cha mnyororo kilichopinda au pingili iliyolika haifai tena. Usiichomelee, itupe.

Nifunge sehemu gani ya mtambo?

Kwenye sehemu zilizotengenezwa na kiwanda kwa kazi hiyo. Usifunge kwenye ngazi, mabomba ya haidroli wala vishikio vya mkono. Minyororo ya mbele ivute kuelekea mbele na ya nyuma ivute kuelekea nyuma, ili mtambo usipate nafasi ya kwenda upande wowote. Mnyororo uliosimama wima hubana kwenda chini tu. Hauzuii sana mtambo kuteleza.

Na mkono wa eksikaveta?

Ushushe hadi ndoo ikae juu ya sakafu ya tela, kisha ufunge kwa mnyororo wake wa ziada. Usiutegemee mfumo wa haidroli, kwa sababu mafuta yakivuja mkono unasogea. Funga breki ya maegesho, zima injini, na weka pini ya kuzuia sehemu ya juu isizunguke. Greda na rola zinazojikunja kiunoni zifungwe pini zake pia. Mwisho, pima kimo kutoka barabarani hadi ncha ya juu kabisa, maana nyaya za umeme hazikupishi.

Mikanda ya nailoni au kamba zinatosha?

Kwa mtambo mzito, hapana. Kingo za chuma huikata mikanda, na kamba hulegea ikilowa.

Nikishafunga, kazi imekwisha?

Bado. Minyororo hulegea kadiri mtambo unavyojikalia na tela linavyotikisika. Simama baada ya kilomita chache za mwanzo, tikisa kila mnyororo kwa mkono na ukaze upya. Fanya hivyo tena kabla ya kuanza mteremko wa kwenda Kyela, kisha shuka kwa gia nzito.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Udhibiti Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56, gari na mzigo kwa pamoja, na viwango vya kila ekseli. Mzigo unaozidi uzito au vipimo unahitaji kibali maalum kabla ya safari. Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS) ndiyo inayosimamia mizani kwenye barabara kuu. Lakini ukipita mizani, umethibitisha uzito tu. Bado hujathibitisha kwamba mzigo umefungwa.

Mimi ni bodaboda. Nifanye nini nikikutana na lobedi?

Kaa mbali nyuma yake, na usiipite kwenye kona. Ukiona mnyororo unaburuzika au mtambo umeegemea upande, usijipenyeze. Mpungie dereva mkono akuone, au piga 112 uwaarifu polisi.

Kufunga vizuri kunaweza kuchukua nusu saa. Mwenye mtambo, usimharakishe dereva wako katika nusu saa hiyo. Dereva, usiondoe gari kabla mnyororo wa mwisho haujakazwa, hata kama unakwenda kutoka Tukuyu hadi Kiwira tu.