Viti vya Mashua Yetu

Wakubwa zetu mliosoma hapa kabla yetu,

Tumesikia kwa furaha kwamba mmeahidi kuitia viti vipya mashua ya shule, ile tuitumiayo kwa matembezi ya siku za mapumziko katika Ziwa Victoria. Twawashukuru sana. Viti vilivyotajwa ni vya sponji, vyenye miguu ya chuma na migongo mirefu kama vya motokaa. Mimi ni mmoja wa vijana waliokabidhiwa mashua hiyo, na kabla fedha hazijatoka imenipasa kueleza, kwa heshima, kwa nini viti hivyo havitufai, na ni vipi vitakavyotufaa.

Nianze na jambo lililotupata wenyewe. Muhula uliopita tulikuwa na wageni watu wazima. Tuliona haya kuwaketisha juu ya mbao, tukawawekea viti vinne vya bwaloni. Ufukoni kila mtu alivisifu. Lakini tulipofika penye mawimbi kiti kimoja kiliteleza, mgeni akalalia upande, mwenzake akainuka ili amshike, na maji yakaingia juu ya ubavu wa mashua. Tuliwaomba wote waketi chini sakafuni, na mashua ikatulia mara moja. Tulirudi salama, ingawa tulilowa. Siku ile nilijiuliza: mashua ni ile ile, watu ni wale wale, maji ni yale yale, kilichobadilika ni nini? Ni mahali walipokaa tu.

Basi tufanye hesabu kidogo. Mashua yetu yakadiriwa kuwa na uzito wa kilo 300. Watu wanane wa kilo 60 kila mmoja ni kilo 480. Jumla ni kilo 780. Mbao zetu za kukalia ziko sentimita 25 juu ya sakafu. Viti vipya vitakuwa sentimita 50. Maana yake ni kuwainua watu wote sentimita 25. Zidisha 480 kwa 25, upate 12,000. Gawanya kwa 780, utapata kama 15. Yaani kitovu cha uzito wa mashua na watu wake kitapanda karibu sentimita 15. Miguu hubaki sakafuni, kwa hiyo hesabu yapungua kidogo. Lakini katika chombo chenye upana wa mita moja na nusu hilo si jambo dogo. Kitovu cha uzito kikiwa chini, mashua ikilazwa na wimbi hujiinua yenyewe. Kikipanda mno, uzito ule ule uliokuwa ukiituliza huanza kuisukuma ipinduke.

Tena kuna hatari ya pili, nayo ni kuhamahama. Watu wawili wakitoka katikati wakaenda ubavuni, nusu mita tu, kitovu cha uzito chasogea karibu sentimita 8 upande huo. Kwa hiyo kiti kizuri ni kile kisichomlazimisha mtu kuinuka wala kugeuka ili aone mandhari au ampishe mwenzake.

Sasa, tuchague nini? Nashauri mambo manne.

Kwanza, mbao za kukalia zipitazo kutoka ubavu hadi ubavu, na zibaki chini kama zilivyo. Ubao kama huo hufanya kazi mbili: humketisha mtu, tena hushikilia mbavu za mashua zisibonyee wala kupanuka. Anayeung'oa ili aweke kiti cha miguu minne aidhoofisha mashua yenyewe.

Pili, wapiga makasia wapimiwe kwa miili yao. Akikaa juu mno, mikono ya makasia humgonga mapajani; akikaa chini mno, huvuta kasia mbele ya kidevu na kuchoka upesi. Apate na kipande cha mti cha kukanyagia, kwani nguvu ya kasia hutoka miguuni. Kati ya ubao na ubao ziachwe kama sentimita 90, ili asimpige wa nyuma yake.

Tatu, vifaa. Sponji ya kawaida hunywa maji, ikawa nzito na kuoza. Kama mto wahitajika, uwe wa povu lisilopenya maji, na ufungwe kwa kamba usiteleze. Parafujo za chuma cha kawaida hushika kutu. Afadhali zile zisizoshika kutu, ijapokuwa bei yake ni kubwa.

Nne, wazee na wenye maumivu ya mgongo. Hawa tusiwasahau, maana ndio waliotufanya tuvilete vile viti. Wawekewe egemeo fupi la mbao nyuma ya ubao wa tezi, penye nafasi. Mgongo utapumzika, na mwili hautainuliwa.

Huenda mtu akasema, ‘Huyu kijana aogopa bure, ni matembezi tu.’ Tarehe 24 Novemba 2018, katika ziwa hili hili, karibu na ufuo wa Mutima, wilaya ya Mukono, chombo cha matembezi kiitwacho MV Templar kilizama na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisemi viti ndivyo vilivyokizamisha. Kilikuwa kimejaza watu kupita kiasi. Nasema tu kwamba ziwa halitofautishi msafiri wa kazi na msafiri wa starehe. Na viti virefu vizuri huwatia watu moyo wa kusahau kwamba wako majini.

Fedha itakayobaki, kwa maana mbao ni rahisi kuliko viti vile, naomba inunue jaketi za kujiokolea, moja kwa kila nafasi ya kukaa. Asiye na jaketi asiwe na kiti.

Wazee wa pwani walisema, ‘Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani.’ Walikuwa na maana yao pana, lakini kwa mtunza mashua neno hili ni kweli hata katika uzito: ukae tezi au ukae omo, kaa chini, karibu na ngama. Wakubwa zetu, tupeni mbao, nasi tutawapeleka matembezi na kuwarudisha nyote.