Maji Ndani ya Oili ya Injini: Kagua Kabla ya Kulipa

Oili hulainisha vyuma vya injini vinavyosuguana na husaidia kupunguza joto lake. Ikichanganyika na maji, hupoteza uwezo wa kuvitenganisha vyuma hivyo. Beringi hulika, kutu huanza, na injini huweza kukwama. Hata hivyo, si kila dalili ya maji ni sababu ya kufungua injini.

Maji hutoka wapi?

Petroli na dizeli zinapoungua hutoa mvuke wa maji. Katika safari fupi, hasa kwenye maeneo ya baridi kama Njombe na Lushoto, injini haipati joto la kutosha kuufukuza mvuke huo, nao hugeuka matone. Chanzo cha pili, kilicho hatari zaidi, ni maji ya rejeta kupenya kwenye gasketi iliyoungua au silinda hedi iliyopasuka. Cha tatu ni gari kupita kwenye mafuriko.

Namna ya kukagua

Egesha gari mahali tambarare, zima injini na uiache ipoe. Usifungue rejeta ikiwa ya moto.

1. Fungua kifuniko cha oili. Utando wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko pekee mara nyingi hutokana na mvuke. Ufute, endesha gari safari ya nusu saa au zaidi, kisha kagua tena.
2. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iliyofanana na chai ya maziwa, au kiwango kilichopanda bila kuongezwa, ni dalili nzito.
3. Angalia maji ya rejeta. Yakipungua bila kuvuja nje, tatizo huenda limo ndani ya injini.

Ukiona dalili ya pili au ya tatu, usiwashe injini. Gari livutwe hadi gereji.

Haki yako gereji

Kabla ya kuruhusu injini ifunguliwe, mwombe fundi apime mfumo wa maji kwa presha na akuoneshe mahali panapovuja. Pata makadirio ya gharama kwa maandishi, dai risiti, na omba ukabidhiwe vipuri vilivyotolewa. Kubadilisha oili na filta bila kuziba chanzo cha maji si matengenezo: oili mpya nayo itaharibika, na mlaji atalipa mara mbili.