Kuhamisha Kuratibu Kati ya Wijeti Mzazi na Wijeti Mtoto

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watengeneza programu za kompyuta wanaotumia Qt au GTK.

Kila wijeti hupima mahali kwa kuratibu zake yenyewe. Nukta (0, 0) iko kona ya juu kushoto. X huongezeka kwenda kulia, y huongezeka kwenda chini. Tuseme fremu imewekwa (10, 60) ndani ya dirisha, na kitufe kimewekwa (40, 25) ndani ya fremu hiyo. Mtumiaji akibofya (5, 3) ya kitufe, fremu itaihesabu nukta hiyohiyo kuwa (45, 28), na dirisha litaihesabu kuwa (55, 88). Ukipanda kwa mzazi unajumlisha mahali alipowekwa mtoto; ukishuka unatoa.

Hesabu ni nyepesi, lakini usiifanye kwa mkono. Siku mwenzako atakapoongeza fremu nyingine katikati, msimbo wako utaendelea kuhesabu ngazi za zamani, na programu haitatoa onyo lolote. Menyu itafunguka tu mahali pasipo pake. Katika Qt tumia mapToParent na mapFromParent kwa ngazi moja, mapTo kwa mzazi wa juu zaidi, na mapToGlobal kwa skrini. Wijeti unayoipa mapTo lazima iwe mzazi wa ile inayoiita, wa karibu au wa mbali; kwa wijeti ndugu, pitia kwa mzazi wao. Katika GTK 4 tumia gtk_widget_compute_point, kwa kuwa gtk_widget_translate_coordinates imeshapendekezwa iachwe tangu toleo la 4.12. Fanksheni ya gtk_widget_compute_point hujibu kama imefaulu au la. Soma jibu hilo kabla ya kuitumia nukta.

Mtego unaonasa wengi uko kwenye majedwali. Mtumiaji akibofya kulia kwenye QTableView, ishara ya customContextMenuRequested huleta nukta iliyopimwa kutoka viewport, yaani eneo la ndani linaloonyesha data, wala si kutoka jedwali lenyewe. Ukiandika jedwali->mapToGlobal(nukta), menyu itapanda juu kwa kimo cha vichwa vya safu. Andika jedwali->viewport()->mapToGlobal(nukta).

Jambo la kuzingatia daima ni kujua nukta ni ya wijeti ipi. Liandike hata kwenye jina la kigeu: nuktaYaKitufe, nuktaYaDirisha. Usihifadhi kuratibu za skrini kwa matumizi ya baadaye, kwani dirisha husogezwa, na kwenye Wayland programu haiambiwi dirisha lake liko wapi kwenye skrini.

Kabla ya kukabidhi kazi, ijaribu dirisha likiwa limesogezwa, na jedwali likionyesha vichwa vyake. Mtoto akiwa kwenye (0, 0) ya mzazi wake, msimbo mbovu na msimbo sahihi hutoa jibu lilelile.